Siku Bwana Mbovu Alipojibu "Nzuri"

Ukitaka kumjua Shangazi, mtazame anapotandika jiwe. Analilaza juu ya mchanga, analigonga kwa mpini wa nyundo, kisha anainamisha sikio. Jiwe lililokaa sawasawa hutoa sauti nzito. Lililoacha uwazi chini yake hulia kama debe tupu. Akisikia debe, hata mkurugenzi awe amesimama pale na wageni wake wa suti, Shangazi ataling'oa jiwe na kuanza upya, na wewe uliyesawazisha mchanga huo utatamani ardhi ipasuke uingie. "Nani kaweka mchanga huu? Ulikuwa unatengeneza njia au unakoroga uji?"

Kampuni yetu nzima ya bustani ilimwita Shangazi, kuanzia walinzi hadi mkurugenzi mwenyewe. Alianza kwa kung'oa magugu akiwa msichana, enzi hizo kampuni haina hata gari, ina toroli mbovu na mpira wa maji unaovuja. Akapanda ngazi mpaka akawa msimamizi wa mafundi wote wa bustani: wanaopanda miche, wanaotandika nyasi, wanaopanga mawe. Mume alimfia mapema, na watoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni kazi yake, mdomo wake, na mdogo wake wa kike aliyeishi naye nyumba moja pamoja na mumewe. Na huyo mume, jamani, ndiye hadithi yenyewe.

Mtaani walimwita Bwana Mbovu. Siyo kwa ubaya. Alijitafutia mwenyewe jina hilo. Yule mtu hakuwahi kujibu salamu kama watu. Ukimwuliza habari, atakwambia, "Mbovu! Zimeoza tangu jana, ungewahi kuja." Ukimwuliza habari za nyumbani: "Mbovu, mke wangu kanifukuza, naomba unioe wewe." Harusini kwake, shehe alimsalimu mbele ya wazee, naye akajibu, "Mbovu, nimekamatwa." Hata siku alipomzika mama yake, mtu alimshika mkono makaburini akauliza habari za msiba, naye machozi yakimtiririka akasema, "Mbovu, ndugu yangu, leo kweli mbovu." Watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Yeye na Shangazi walitaniana kama ilivyo kwa shemeji na shemeji, tena bila breki. Asubuhi Shangazi akitoka na ndoo yake kwenda bafuni, humkuta ameketi kizingitini anafunga viatu.

"Habari za asubuhi, shemeji?"

"Mbovu. Nimeota umeolewa, nikaamka nikamhurumia bwana harusi."

"Mshenzi mkubwa wewe!"

Siku ikianza bila matusi hayo, Shangazi alihisi kama ametoka bila viatu.

Sasa, kampuni ilikuwa ikinunua mawe kwa mtu mmoja tuliyezoea kumwita Tajiri wa Mawe. Alikuwa na machimbo yake mbali na mji, yamezungushiwa ukuta wenye geti kubwa la bati. Mawe yake yalikuwa mazuri, bapa, yamechongwa kingo zikanyooka. Siku moja alikuja ofisini, akamwambia Shangazi, "Natafuta wanaume wenye nguvu. Malazi ninatoa, chakula ninatoa. Huna kijana wa kunipa?" Na nyumbani Bwana Mbovu alikuwa anahangaika na vibarua vya leo kuna kesho hakuna, mke tumbo linachomoza. Shangazi hakufikiri mara mbili. Akampeleka mwenyewe kwenye lori, akamfungia na mkoba.

Mke wake alikuwa analia getini kwao. "Utarudi kabla sijajifungua?"

"Nisipowahi, mwambie mtoto arudi ndani asubiri," akasema. Kisha akaacha mzaha, akamshika mkewe bega. "Nitarudi. Mtoto atanikuta mlangoni."

Hiyo ndiyo ahadi aliyoiacha nyumba ile. Basi kila kilichofuata, mke alikipima kwa ahadi hiyo.

Akaenda, akawa kimya. Simu haipatikani. Dereva wa lori la kampuni, aliyekuwa akienda kuchukua mawe, alisema huko mtandao haufiki. Yeye mwenyewe hupakia nje ya geti na kugeuza. Alichorudi nacho ni salamu alizopewa na mlinzi: "Anawasalimu wote." Mwezi ukaisha hajaja hata mara moja kutembea. Mke akaanza kuamka na macho mekundu.

"Dada, nenda kamwone," akamwomba Shangazi. "Wewe wanakujua. Kamwone kwa macho yako."

Ikawa kama vile Mungu amesikia. Wiki hiyo hiyo mkurugenzi aliwaita wasimamizi wote. Kampuni ilikuwa imepewa kazi kubwa, bustani ya hospitali mpya, na wenye hospitali walitoa sharti: kusiwe na jiwe, mche wala fungu la nyasi lililotoka mahali ambapo mtu anafanyishwa kazi kwa nguvu. Mkurugenzi, kijana mpole mwenye miwani, akasema lazima wakaguliwe wote wanaotuuzia vitu. Nani atakwenda? Wote wakamgeukia Shangazi. Nani mwingine angeweza kuzungumza na vibarua wakamfungukia?

"Usimwulize tajiri," mkurugenzi akamsisitiza. "Waulize watu wenyewe."

"Sasa mimi nimuulize nani, mbuzi?" Shangazi akajibu, na watu wakacheka.

Basi akaenda. Lakini kabla ya kwenda alipiga simu. Hapa ndipo ninapomkasirikia, hadi leo, ingawa nampenda. Alilelewa na mama aliyemfunza kwamba hakuna utovu wa adabu kama kumwingilia mtu kwake bila taarifa, ukamkuta na vyombo vichafu. Tena Tajiri wa Mawe alikuwa amemsaidia, amempa shemeji yake kazi. Utamvamiaje mtu aliyekutendea wema? Akampigia: "Keshokutwa nakuja kukutembelea, kuna mambo ya kampuni." Tajiri akasema karibu sana, dada yangu, hapa ni kwako.

Akakuta kiwanja kimefagiwa hata alama za ufagio zinaonekana. Vibarua wamepangwa mstari, glavu mikononi ni mpya kabisa, za mmoja bado zimeunganishwa kwa kile kiuzi cha dukani. Ameandaliwa kiti na soda ya baridi. Tajiri anatembea naye bega kwa bega, anacheka, anaeleza. Walipopita mbele ya bweni, Shangazi aliona komeo kubwa limepigiliwa mlangoni, upande wa nje.

"Komeo nje?"

"Wezi, dada yangu! Watu wakiwa kazini, vitu vyao vinaibwa."

Akaona sawa. Kwake pia walikuwa wanafunga wakitoka.

Akawasalimia vibarua mmoja mmoja, Tajiri pembeni yake. Habari za kazi? Nzuri. Mnakula vizuri? Vizuri. Hamna shida? Hatuna. Mpaka akafika mwisho wa mstari, na pale alisimama shemeji yake. Amekonda, shingo imechomoza, vumbi jeupe limemkaa kwenye kope. Shangazi alishtuka kidogo, lakini nani anayechimba mawe akanenepa? Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kicheko kilishamjaa kooni, anasubiri tu tusi lake.

"Habari za kazi, shemeji?"

"Nzuri, shemeji."

"Eeeh?"

"Nzuri sana." Alikuwa anamtazama machoni, hapepesi, na mkono wa Shangazi ameubana mpaka pete yake inamuumiza. "Salama kabisa."

Shangazi akaangua kicheko. Aliangua kile kicheko chake kinachosikika mtaa wa pili, akamgeukia Tajiri. "Jamani! Mmemfanya nini huyu mtu? Kazi imemtia adabu! Huyu kwetu hajui salamu!" Tajiri akacheka, mlinzi akacheka, na baadhi ya vibarua wakacheka kwa kuogopa kutocheka. Bwana Mbovu hakucheka. Akauachia mkono wa Shangazi polepole, akarudisha wake ubavuni.

"Mke wako hajambo, tumbo limekua," Shangazi akamwambia. "Utakuja lini?"

Tajiri ndiye aliyejibu. "Kazi ikipungua tu, dada yangu, nitamleta mwenyewe."

Akarudi mjini. Kwa mkurugenzi akasema: nimewauliza wote, hakuna tatizo. Nyumbani hakumkuta mdogo wake. Alikuwa amechukuliwa na mama yao kwenda kujifungulia kwake, uchungu umekaribia. Akampigia simu. "Nimemwona mumeo. Mzima, amekonda kidogo tu, anakusalimu." Mdogo wake akashusha pumzi akasema alhamdulillahi. Shangazi akalala usingizi mzuri.

Mawe yakaendelea kuja. Njia ya bustani ya hospitali ilianza getini, ikazunguka mahali pa kupumzikia wagonjwa, na Shangazi akaitandika jiwe baada ya jiwe, akigonga, akisikiliza. Hakuna hata moja lililolia debe. Alijivunia kazi ile kuliko zote.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Baba hakuwepo mlangoni.

Mama mtoto alipopata nguvu akarejea nyumbani na kichanga chake. Siku ya pili yake, mchana, walikuwa uani wanakunja nepi zilizokauka, na kwa mara ya kwanza wakapata nafasi ya kuzungumza kwa utulivu.

"Hebu nihadithie vizuri, dada. Alisemaje?"

"Wee, acha tu! Mume wako amekuwa mstaarabu, nikuambie. Namsalimu hivi, nasubiri upuuzi wake, si akanijibu 'Nzuri, shemeji. Nzuri sana. Salama kabisa.' Kama katibu wa mkutano! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma."

Mdogo wake alikuwa ameshika nepi. Akaishusha mapajani.

"Rudia."

"Nini?"

"Alikujibu nini?"

"Si nimesema? Nzuri."

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Mume wangu alisema nzuri?"

Shangazi akafungua mdomo, kicheko hakikutoka.

"Kwenye harusi yetu alisema mbovu. Mama yake alipokufa alisema mbovu. Mimi naishi naye, nalala naye, sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nani alikuwa amesimama hapo?"

"Tajiri."

"Alikuwa anakuambia, dada. Mbele ya tajiri wake, alikuwa anakuambia. Angekuambiaje tena?"

Yule mwanamke anayesikia uwazi chini ya jiwe akakaa pale uani, akausikia mkono ule tena, pete inavyomkata kidole. Akaona glavu zenye kiuzi. Akaona komeo. Vibarua wakiwa kazini, sawa, wezi. Lakini yeye alipofika vibarua walikuwa kiwanjani na lile komeo halikuwa limefungwa. Sasa hufungwa wakati gani? Akainuka, nepi zikamwagika chini, akatoka vile vile na kanga yake ya nyumbani.

Alimkuta mkurugenzi kwenye bustani ya hospitali, anaonyesha wageni zile njia. Akamvuta kando.

"Simamisha mawe."

"Shangazi, ufunguzi umekaribia. Si ulikagua mwenyewe?"

"Sikukagua. Nilikwenda kusalimia, nikaitikiwa." Akamweleza yote, simu, soda, komeo, ile "nzuri". Maneno yalikuwa yanamtoka yamevurugika, machozi yanamchuruzika mbele ya watu wa suti, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mumewe hawakumwona akilia. Kijana wa watu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Angeweza kusema tusubiri ufunguzi upite. Nasema haki yake: hakusema. Alimpigia dereva ageuze lori tupu, akawapigia watu wa idara ya kazi, na asubuhi yake wakaenda wakiwa na polisi, bila kumwarifu mtu yeyote.

Geti lilifungwa kwa mnyororo. Polisi walipolifungua, kiwanja hakikuwa kimefagiwa. Hakuna glavu, mikono ilikuwa imefungwa vitambaa. Na walipoulizwa mbali na Tajiri, mmoja akasema, wa pili akaongezea, kisha wote wakasema kwa pamoja. Vitambulisho vyao vilichukuliwa siku ya kwanza, eti vitunzwe visipotee. Simu vivyo hivyo, eti zisivuruge kazi. Jua likizama wanafungiwa. Aliyeomba kwenda kwao alipigwa mbele ya wenzake.

Shangazi alikuwa anatafuta uso mmoja tu. Haupo. Akaangalia bweni. Ilikuwa asubuhi kweupe, watu wote wako kazini, na komeo lilikuwa limefungwa.

Alilifungua kwa mkono wake. Bwana Mbovu alikuwa ameketi sakafuni, mguu mmoja ameunyoosha mbele, umefungwa vipande vya mbao. Mwanga ulimpiga akakinga macho. Alipomtambua hakusimama, na siyo kwa sababu ya mguu.

"Shemeji," Shangazi akasema, akapiga magoti. "Shemeji yangu, nisamehe. Nimekuja."

Bwana Mbovu akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo.

"Ulicheka," akasema.

Mengine Shangazi aliyasikia kwa wale vibarua wengine, ndani ya gari. Kwamba siku ile baada ya ukaguzi, walipofungiwa, Bwana Mbovu alikuwa na furaha ajabu. Aliwaambia, yule ni shemeji yangu, anacheka ili tajiri asishtuke, yule mama mjanja sana. Kesho mtaona gari. Kesho haikuleta gari, akasema keshokutwa. Kila injini ikilia nje ya geti, yeye anaacha nyundo na kusimama. Wenzake wakaanza kumtania, naye anawajibu, hamumjui huyo. Hadi siku moja alisikia lori la kampuni, akalijua kwa mlio wake, akakimbilia getini akipiga kelele, "Shemeji! Shemeji!" Lilikuwa limekuja kuchukua mawe tu. Dereva alikuwa anasikiliza redio. Walinzi wakamvuta, na ndipo mguu ulipovunjika. Baada ya siku hiyo, walisema, hakusimama tena kwa gari lolote.

Tajiri wa Mawe alipelekwa mahakamani, na kesi inaendelea kama kesi zinavyoendelea. Mkurugenzi alisimama mbele ya wenye hospitali akasema ukweli wote, na njia ile iliachwa bila kumalizika mpaka walipopata mawe ya mtu mwingine. Shangazi aliomba aondolewe ukaguzi. Mkurugenzi akakataa, akamwambia hakuna atakayekagua vizuri kuliko wewe sasa. Basi anaendelea. Hapigi simu kabla ya kwenda. Soda hanywi. Hamwulizi mtu habari. Anamchukua kando na kumwuliza kitambulisho chako unakiweka wapi, mara ya mwisho ulitoka nje ya geti lini, ulikwenda wapi, na usiku mlango wenu anaufunga nani. Kisha ananyamaza, anasubiri, hata kama kimya hicho kinachosha. Kwenye kitalu kimoja cha miche aliwatoa wasichana waliokuwa wamefungiwa hivyo hivyo. Watu walimpongeza. Akasema msinipongeze.

Bwana Mbovu yuko nyumbani. Mguu umepona, anachechemea kidogo. Anampenda sana binti yake. Hushinda naye kizingitini, amemweka juu ya goti. Kazi ndogo ndogo anafanya, hapigi mtu, hanywi, hana lawama. Watoto wa mtaani wakipita bado humpigia kelele, "Bwana Mbovu, habari!" wakisubiri wacheke.

"Nzuri," anawajibu, na wao huondoka wakitazamana.

Mkewe humwambia dada yake, mpe muda. Muda umepita. Kila asubuhi Shangazi hutoka na ndoo, humsalimu, na kila asubuhi ni nzuri, shemeji, salama.

Asubuhi moja alimtangulia kutoka, akaketi yeye kizingitini. Bwana Mbovu akaja na mtoto begani.

"Habari za asubuhi, shemeji?" akamwuliza kwa upole.

Shangazi alikuwa amejiandaa usiku kucha. "Mbovu!" akasema kwa sauti kubwa. "Zimeoza tangu jana, ungewahi kuja!" Akamkodolea macho, amejaza kicheko mashavuni, anasubiri.

Bwana Mbovu akasimama. Akamtazama vizuri, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoacha ufunguo. Kisha akamhamisha mtoto bega la pili, akamnyooshea mkono.

"Pole, shemeji," akasema.

Alimaanisha. Shangazi akaupokea ule mkono, akajibu kama sote tulivyofunzwa kujibu.

"Nimeshapoa."

Akachukua ndoo yake, akaenda bafuni, akafungulia maji.